Mama, Ulikusudia Vyumba Vipi?

Marehemu Bi Salme binti Mahfudh
Timbwani, Likoni
Aliyetutoka Agosti 1989

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile uliposema wajinyoosha kidogo kabla ya kukaanga mahamri, ukajinyoosha moja kwa moja. Unga ulikuwa umeshaumuka. Nikausimamia nisijue niufanye nini, na mwisho nikaukaanga wote, kwa hiyo waliokuja kutuhani siku ile walikula mahamri yako uliyoyakanda mwenyewe. Wengine walilia wakitafuna. Mimi hata kulia sikuweza, nilikuwa nikiuliza tu nani anataka chai.

Ndugu yangu Sheikhan ameniambia niandike mafupi, kama watu wengine wanavyoandika: ulikuwa mama mwema, umeacha pengo, basi. Nimejaribu. Lakini umetuachia jambo ambalo mwaka mzima nimelizunguka sijaliona mlango, na nisipokuuliza hapa sijui nitakuuliza wapi.

Ulikuwa mwema, hilo ni kweli. Ulikuwa mwema kwa mgeni na mkali kwetu. Mtu akikuamkia shikamoo ulimwitikia, ukamuuliza hali yake, ya mamake, ya mguu wa mamake, mpaka waliokuwa na haraka wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Matangazo ya vifo yakianza redioni uliinua kidole tunyamaze, na kila jina ulilijibu. Huyu namjua. Huyu alikuwa na maneno mengi, Mungu amsamehe. Huyu mbona wamesahau kumtaja mke wa kwanza? Leo zamu yako, Mama, na nimejitahidi nisisahau mtu.

Wasiokujua wajue kwamba ulikaa katika nyumba ya vyumba sita, aliyokuandikia marehemu baba yetu Mzee Obeid akiwa hai: vitatu upande huu, vitatu upande ule, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Sheikhan alioa akahamia Mikindani. Mimi, Mwanatumu, niliolewa nikaachika, nikarudi kwako na sanduku moja. Sina mtoto, na sina kwengine. Uliponiona mlangoni hukuniuliza kitu. Ulisema tu kwamba nimekonda na kwamba mume yule tangu mwanzo hukuyapenda macho yake.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yako. Watu wakitoka msikitini, wewe ulikuwa umeshapakua sufuria la wali wa nazi na mchuzi wa papa, tunalibeba mimi na wewe hadi kwenye baraza za maduka karibu na feri, kwa wale wanaolala pale. Alikuwapo Mutua, aliyeshuka kutoka bara kutafuta kazi bandarini, akakosa kazi na akakosa na nauli ya kurudi. Alikuwapo Rispa, aliyemfuata mumewe Changamwe akamkuta na mke mwengine. Na Nyamvula, mwanamke mtu mzima, aliyetolewa nyumbani na watoto wa marehemu mumewe kabla hata eda haijesha. Wengine walikuja na kwenda.

Mwanzo lilikuwa sufuria tu. Kisha siku moja ukamwita Mwalimu Nassor, ambaye nusu ya Timbwani imesoma Kurani chuoni kwake, ukamtaka awasomeshe.

"Wa kuwalisha hawakosekani, Mwalimu," ulimwambia. "Wa kukaa nao akawasomea, hakuna. Mtu akishalala barazani kwa watu, hata msikiti auona si wake. Aona haya na nguo zake."

"Na hawa Wakristo, Bi Salme?"

"Nao wana Mungu. Wewe soma yako, Rispa aimbe yake, bora wali usipoe."

Basi ikawa hivyo. Mwalimu Nassor alikaa kwenye ngazi ya duka akiwafundisha Fatiha watu wazima walioisahau, na akimaliza, Rispa aliimba nyimbo za kanisani kwao kwa Kijaluo, Mwalimu akitazama ukutani kwa adabu. Wenye maduka hawakupenda. Mvua ikinyesha, darsa ilivunjika, kila mtu akatafuta paa lake la kusimama. Ulirudi nyumbani umeroa, unanung'unika kwamba watu wanamsoma Mungu kwa mguu mmoja. Nilikwambia uwaache waje kwetu. Ulinitazama kisha ukasema, "Bado." Hukusema bado nini.

Tulidhani twakujua, Mama. Hilo ndilo linalonikera.

Siku ya tatu, hitma ilipokwisha na watu wanakunja mikeka, Mwalimu Nassor alisimama pamoja na Bwana Shee, jirani yetu, wakasema wana wasia wako. Sheikhan hakushtuka. Watu wengi huusia thuluthi yao itumike kwa hitma, na yeye alikuwa ameshaanza kunong'ona juu ya mbuzi wa arobaini. Mwalimu akasema ulivyosema, mbele yao wawili, una akili zako timamu: thuluthi ya nyumba yako iwe wakfu kwa wasio na pa kulala, wakae humo, wasomeshwe na walishwe, na yeye Mwalimu ausimamie.

Shangazi Barke, dada yake baba, alisema, "Kwani wale wa feri?"

Sheikhan akauliza, "Vyumba vipi?"

Mwalimu Nassor akapangusa miwani. "Nilimuuliza. Alisema, 'Mwanatumu atajua.'"

Wote wakanigeukia. Mama, wallahi nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeshika bakuli la halua, nikalitazama lile bakuli kana kwamba limeandikwa. Mwaka mmoja baadaye bado siku nyengine naamka nikijiuliza ulinambia lini, nikiwa wapi, kama nilikuwa nafua au nasinzia. Au hukuniambia kamwe, ukanitupia mzigo ukaenda zako?

Wiki ile ile Sheikhan alikuja na futi ya fundi na kipande cha chaki kugawa nyumba. Hakuwa na nia mbaya, namtetea hapa mbele za watu. Alikuwa ameshapata mnunuzi, mtu wa kutoka Mkomani aliyetaka vyumba vya mbele, vinavyotazama njia, afungue duka la vifaa. Sheikhan ana watoto wanne na nyumba ya kupanga. Akahesabu: vyumba sita, viwili vya wakfu, vimebaki vinne. Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Yeye vyumba viwili na thuluthi mbili. Mimi chumba kimoja na thuluthi ya chumba.

"Thuluthi ya chumba nikae nayo vipi?" nilimuuliza. "Niweke mlango wapi?"

"Sheria ndiyo hiyo, dada."

"Sikatai sheria. Nauliza mlango."

Akapiga mstari wa chaki ndani ya chumba changu, ukapanda ukutani, ukapita katikati ya kitanda. Tukasimama tunautazama. Kuanzia kiunoni kwenda juu nilikuwa nalala kwangu, kuanzia kiunoni kwenda chini nalala kwa Sheikhan. Tukacheka, Mama, tukacheka mpaka tukakaa chini, na mke wake Kuluthum akaja mbio kutoka uani akidhani tunalia. Alipotukuta tulikuwa tunalia kweli.

Tulikwenda kwa Kadhi. Alitusikiliza kwa upole, akatueleza jambo ambalo mimi nilikuwa sijalifikiria. Wasia wako ni sahihi, lakini haukutaja vyumba. Mpaka vitajwe, wakfu umo ndani ya kila chumba, kwenye kila tofali, na kitu cha wakfu hakiuzwi. Kwa hiyo nyumba nzima haiuziki. Vikishatajwa, wakfu utakuwa na vyake na warithi watakuwa na vyao, na kila mrithi atafanya atakavyo na chake.

"Wewe ndiye uliyekaa naye," akaniambia. "Nenda ukafikiri. Ukikumbuka alichosema, njoo."

Nikatoka pale kichwa kinaniuma. Maana nilianza kuona, na nilichokiona kilinichanganya zaidi. Nikitaja vyumba, watu wako wataingia kwenye paa walilousiwa. Lakini Sheikhan naye atauza, na mnunuzi hatanunua vyumba viwili na thuluthi mbili akaniacha mimi na nusu kitanda. Nitapewa pesa za changu mkononi nitoke. Nisipotaja, nyumba inabaki, mimi ndani, na wao barazani kwa watu.

Hapo ndipo likanijia swali ambalo limenitesa mwaka huu wote. Mrithi haachiwi wasia, ana fungu lake; hata ungetaka kuniachia nyumba usingeweza. Je, ulijua kwamba ukiacha thuluthi bila kuitaja hakuna atakayeweza kunitoa? Ulitaka kuwaweka wao, Mama, au ulitaka kuniweka mimi? Kama ni mimi, basi nikikaa kimya ndivyo ninavyokutii. Kama ni wao, basi nakuasi kila siku ninayoamka humu. Nilikuwa nafagia ukumbi nikikuuliza kwa sauti. Jirani akisikia husema Mwanatumu ameanza.

Miezi ikapita hivyo. Ijumaa niliendelea kubeba sufuria, sasa na Mutua upande wa pili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza kuhusu vyumba, ingawa walijua. Timbwani nzima ilijua. Rispa aliniuliza mara moja tu kama nyumbani kwetu kunavuja. Nikamwambia hakuvuji. Akasema, "Ni vizuri," akaendelea kula. Nilirudi nyumbani siku ile nikaingia kila chumba, nikakaa kidogo katika kila kimoja, nikingoja nijue. Sikujua kitu. Vyumba vitatu vilikuwa na joto na vitatu vilikuwa na joto zaidi.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita, masika yakaanza kwa fujo. Ijumaa moja ya Mei maji yalipita barazani kwa maduka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu Nassor alikuwa amesimama juu ya ngazi amekunja kanzu, anasoma, na watu wamesimama mbele yake ndani ya maji wanamfuata neno kwa neno. Hawakukimbia siku ile, sijui kwa nini. Nyamvula alikuwa amejifunika karatasi ya nailoni kichwani, anatetemeka, na midomo inakwenda. Nilisimama na sufuria nisione pa kulitua.

Sikukumbuka ulichosema, Mama. Watu wakidhani nilikumbuka, wanakosea. Nilichoka tu kusubiri kukumbuka. Jumatatu yake nikaenda kwa Kadhi, Sheikhan yupo, Mwalimu Nassor yupo.

"Vya mbele," nikasema. "Vyumba viwili vya mbele, na baraza."

Sheikhan aliruka. "Mwanatumu! Vya nyuma vina ubaya gani? Hivyo vya mbele ndivyo yule bwana avitakavyo!"

"Mama hakupata kumpa mtu chakula kwa mlango wa nyuma."

"Hayo ndiyo aliyokwambia?"

"Hakuniambia kitu. Ni mimi nasema."

Kadhi akasema kwamba uliniachia mimi nijue, akauliza kama pana mtu ana ushahidi mwengine. Hapakuwa na mtu. Ikaandikwa. Nje Sheikhan alinambia kwamba nimemuulia soko na nimejiulia na mimi, kwa sababu atatafuta mnunuzi wa huko nyuma hata kama ni wa kuweka mbuzi. Akaondoka bila kuniaga, jambo ambalo tangu utoto wetu hajalifanya. Nikarudi nyumbani nikafunga nguo zangu kwenye leso mbili. Sikujua nakwenda wapi. Nilifunga tu, ili siku ikifika nisifunge huku watu wananitazama.

Wale wa feri walihamia Ijumaa ya pili ya Juni. Wanawake chumba cha mkono wa kulia, wanaume cha kushoto, darsa barazani baada ya swala ya alasiri. Mwalimu Nassor alisoma ameketi kwenye kiti, kwa mara ya kwanza, na Rispa akaimba, na wapita njia wakasimama wasielewe nyumba hii imekuwa msikiti, kanisa au harusi. Nilikuwa nikipita ukumbini na sahani Nyamvula aliponishika mkono. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, na ameyaona yale mafurushi.

"Wenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui bado, mamangu. Huku nyuma kutauzwa."

"Huendi," akasema, kama mtu anayemwambia mtoto asitoke na mvua. "Bi Salme alituambia. 'Mkipata vyumba mukae, musitoke, hata wakiwatukana. Ndani muna mwanangu, na yule kulala nyumba tupu hawezi. Muangalieni.' Sisi twajua tumepewa kazi."

Sahani niliitua chini, Mama. Nilimuuliza kwa nini hakunambia miezi yote hii.

"Hatukuwa na vyumba," akanijibu. "Ningekuangalia nikiwa wapi?"

Kweli ni kwamba mimi siwezi kulala nyumba tupu. Tangu uondoke nilikuwa nikilala na taa, nikishtuka mlango ukilia. Hilo sikupata kumwambia mtu, wala wewe sikupata kukwambia. Sasa nasikia Rispa akikohoa upande wa pili wa ukuta na Nyamvula akimwambia anywe maji, na nalala. Lakini usidhani umejibu swali langu. Nilikuwa nikikuuliza ni wao au ni mimi, na sasa sijui kabisa nani amewekwa kwa ajili ya nani. Mimi nawapikia wao, wao wananilinda mimi, Mwalimu anatusomesha sote, na kila mmoja wetu anaamini yeye ndiye anayemfanyia mwenziwe hisani.

Mwezi uliopita Sheikhan alikuja kupima vyumba vya nyuma. Alipita barazani akiwaamkia watu kwa shingo upande. Nikamkalisha jikoni, nikamweleza maneno ya Nyamvula yote, kama nilivyoyasikia. Nilidhani atakasirika. Nilidhani atasema yale ni maneno ya mtu anayetaka kukaa bure.

Futi ya fundi ilikuwa mkononi, anaivuta na kuiachia. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye watoto wanne, "Na mimi je, Mwanatumu? Mimi aliniacha na nani?"

Nilikutafutia jibu haraka haraka, nikataka kusema aliona wewe una mke, aliona wewe ni mwanamume, aliona wewe huna haja. Kila nililolishika halikufaa. Nikampakulia wali. Akaibeba sahani yake, nikadhani anakwenda kula ukumbini, kumbe amepitiliza hadi barazani. Nilipochungulia alikuwa amekaa sakafuni baina ya Mutua na Nyamvula, na Nyamvula anamtolea miba ya samaki kama mtoto mdogo, naye amemwacha.

Tangu siku ile hajamtaja mnunuzi. Huja kila Ijumaa. Sijui kama atauza, na naye nikimuuliza husema hajui. Husema tu nimbakishie nafasi pale pale.

Wanaokukumbuka ni mwanao Sheikhan, aliyetaka jina lake litangulie kwa kuwa ndiye mkubwa, na mkewe Kuluthum. Wajukuu wako wanne. Mimi mwanao Mwanatumu. Wifi yako Barke. Jirani yako Bwana Shee. Mwalimu Nassor na wanafunzi wake. Nilipowasomea hawa wa mbele tangazo hili walisema limepungua, wakaniambia niongeze Nyamvula, Rispa na Mutua. Nikawauliza niwaandike kama nani wako. Wakatazamana. Sheikhan ndiye aliyejibu, mdomo umejaa wali: "Waandike watoto. Tupo wengi."

Mungu akulaze mahali pema, Mama. Hatutakusahau, na kukuelewa tutaendelea kujaribu.